Mswada wa Mei 1806: jinsi biashara ya watumwa ya Waingereza ilivyokatwa mguu kabla ya kupigwa marufuku

Tarehe 23 Mei 1806 Mfalme George III aliridhia sheria ambayo nje ya Bunge la London watu wachache waliitilia maanani. Ilizungumzia meli, bandari na makoloni ya maadui, kwa lugha kavu ya wanasheria. Katika baraza la chini la Bunge ilikuwa imepita kwa kura 35 dhidi ya 13, yaani wapigakura 48 katika baraza la wabunge zaidi ya 600. Hakuna aliyelia, hakuna aliyetoa hotuba ya kukumbukwa. Hata hivyo, kwa makadirio ya waliokuwa nyuma yake, sheria hiyo iliifuta karibu theluthi mbili ya biashara ya watumwa iliyoendeshwa na Waingereza. Mwaka uliofuata kilichobaki kikaanguka kwa kura 283 dhidi ya 16, na huo ndio ushindi unaosimuliwa mashuleni.

Tunauchambua mswada wa 1806 kwa sababu ndani yake yamo yale ambayo Wakristo wa Uingereza walioipinga biashara hiyo walijifunza kwa kushindwa miaka kumi na tisa. Mwaka 1792 walikuwa na saini karibu 390,000 na wakashindwa. Mwaka 1806 hawakuendesha kampeni ya saini ya nchi nzima, wakashinda. Tofauti hiyo inahitaji maelezo.

Uamuzi wa kwanza

Kamati ya kupinga biashara ya watumwa iliundwa tarehe 22 Mei 1787 katika duka la mpiga chapa mmoja, George Yard, London. Wajumbe walikuwa 12. Tisa kati yao walikuwa Wakweka, wale ambao Magharibi mwa Kenya, Kaimosi na kandokando yake, watu huwaita Marafiki. Wakweka walikuwa wameshakatazana wenyewe kwa wenyewe kumiliki na kuuza watumwa, lakini sheria za Uingereza hazikuwaruhusu kukaa bungeni. Kwa hiyo watatu waliobaki, Waanglikana, walikuwa na umuhimu kuliko idadi yao: Granville Sharp, Thomas Clarkson na Philip Sansom. Baadaye ndipo akaja William Wilberforce, mbunge wa Yorkshire aliyeokoka mwaka 1785 na kutaka kuacha siasa, hadi mchungaji John Newton, ambaye ujanani alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, alipomshauri abaki.

Swali la kwanza mezani lilikuwa: tunapinga utumwa wenyewe, au biashara ya watumwa? Sharp alitaka vyote viwili, akisema kwamba kunyamazia utumwa ni dhambi. Wenzake hawakukubaliana naye. Biashara ya nje ilikuwa chini ya Bunge bila ubishi, ilhali watumwa waliokwisha kufika Jamaica au Barbados, visiwa vya Karibi, walihesabiwa kuwa mali, na visiwa vile vilikuwa na mabaraza yao ya kutunga sheria. Tena waliamini kwamba mwenye shamba la miwa akikosa watu wapya kutoka Afrika atalazimika kuwatunza alio nao. Imani hiyo haikutimia. Watumwa wa visiwani walibaki watumwa hadi 1834, na uamuzi ule wa 1787 una sehemu yake katika kuchelewa huko. Lakini kama mbinu ya bungeni ulikuwa sahihi: walichagua kipande ambacho kisu kingeweza kukikata.

Ushahidi ulivyokusanywa

Clarkson alikuwa na umri wa miaka 27. Alipanda farasi akaenda Bristol na Liverpool, akaingia katika vilabu vya pombe vya bandarini ambako mabaharia walikuwa wakileweshwa na kuandikishwa. Liverpool alinunua dukani, mchana kweupe, pingu za mikono, pingu za miguu, kibano cha kuponda vidole gumba, na chombo cha chuma cha kumfumbua mdomo mtu aliyegoma kula. Vitu hivyo viliuzwa pale kama jembe linavyouzwa sokoni.

Kazi yake kubwa zaidi, na ambayo haisimuliwi vya kutosha, ilikuwa orodha za mabaharia. Watetezi wa biashara walikuwa na hoja moja iliyowagusa Waingereza wote, kwamba meli za watumwa ni shule ya kuwafunza mabaharia wa kulinda taifa. Clarkson alifuatilia majina ya mabaharia zaidi ya 20,000, mmoja mmoja: nani aliondoka, nani alirudi, nani alikufa, nani alitelekezwa ng'ambo. Ikadhihirika kwamba meli hizo ziliwamaliza mabaharia wa Kiingereza kuliko biashara nyingine yoyote ya baharini. Hoja ya taifa ikageuka dhidi ya wenyewe. Ndiyo mara ya kwanza katika kisa hiki tunapoona ushahidi uliokatwa kwa kipimo cha masikio ya msikilizaji.

Kisha ukaja mchoro wa meli ya Brookes ya Liverpool. Sheria ya mwaka 1788 iliyopunguza msongamano iliiruhusu kubeba watu 454, nayo kabla ya hapo ilikuwa imewahi kubeba zaidi ya 600. Kamati ilichora sitaha zake na watu waliolazwa, kila mwanaume akipewa futi 6 kwa futi 1 na inchi 4. Hata kwa idadi iliyoruhusiwa na sheria, mchoro ulijaa. Msomaji aliona kwa macho yake kwamba sheria iliyodaiwa kuwa ya huruma ilimpa mtu nafasi finyu kuliko jeneza.

Waafrika waliokuwa London hawakukaa kando. Olaudah Equiano ndiye aliyempelekea Sharp habari za meli ya Zong, ambako mwaka 1781 watu zaidi ya 120 walitupwa baharini wakiwa hai na wenye meli wakaenda kudai fidia ya bima. Mwaka 1789 Equiano alichapisha habari za maisha yake na kuzunguka nchini kuziuza na kuzungumza. Ottobah Cugoano alikuwa amemtangulia mwaka 1787, naye alitaka utumwa wenyewe ukomeshwe mara moja, bila ngojangoja.

Biblia ilitumiwa na pande zote mbili, na hili lisifichwe. Wakomeshaji walisoma 1 Timotheo 1:10, ambapo "waibao watu" wametajwa pamoja na waongo na waapao kwa uongo. Upande wa pili ulisoma Walawi 25 na waraka kwa Filemoni. Baraza la mji wa Liverpool lilimlipa Raymund Harris, padri wa Kijesuiti, pauni 100 baada ya kuandika kitabu mwaka 1788 kuonyesha kwamba Maandiko yanaruhusu biashara ile. Shirika la kueneza Injili la Kanisa la Anglikana lilikuwa na shamba la miwa la Codrington huko Barbados, na watumwa wake walichomwa chapa kifuani yenye neno la Kiingereza lenye maana ya "Shirika". Kwa hiyo anayesema "Kanisa lilikomesha utumwa" hajasema kitu. Ni Wakristo fulani waliosimama dhidi ya biashara ambayo Wakristo wengine walikula matunda yake, wakiwemo walioketi nao kanisani.

Pale hoja zilipokwama

Aprili 1791 Wilberforce alipeleka hoja. Ilishindwa kwa kura 163 dhidi ya 88. Wananchi wakajibu kwa kususia sukari ya visiwani, na mwaka 1792 maombi 519 yenye saini zile karibu 390,000 yakarundikwa mezani pa Bunge. Wengi waliotia saini hawakuwa na haki ya kupiga kura.

Bunge halikuthubutu kuwakatalia waziwazi. Usiku wa tarehe 2 Aprili 1792 Henry Dundas, waziri, alisimama akasema anakubaliana na wakomeshaji kabisa, akapendekeza neno moja tu liongezwe: "hatua kwa hatua". Hoja ikapita kwa kura 230 dhidi ya 85. Ukiitazama kwa haraka, huo ulikuwa ushindi. Kwa kweli hoja ilikuwa imelazwa kitandani. Tarehe ya mwisho iliwekwa Januari 1796, kisha baraza la juu, la Malodi, likasema haliwezi kuamua bila kusikiliza mashahidi lenyewe. Likasikiliza kidogo, likaahirisha, likaacha.

Wakati huohuo dunia ilibadilika. Watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, waliamka Agosti 1791, na Februari 1793 Uingereza na Ufaransa zikaingia vitani. Kuanzia hapo mtu aliyesema neno "haki" hadharani alishukiwa kuwa kibaraka wa wanamapinduzi wa Paris. Mikutano ya hadhara ilififia, na Clarkson, afya yake ikiwa imevunjika, akaondoka ulingoni mwaka 1794.

Machi 1796 mswada ulifika hatua ya kusomwa mara ya tatu. Ukashindwa kwa kura nne, 74 dhidi ya 70. Baadhi ya wabunge waliokuwa wameahidi kuunga mkono walikuwa wamekwenda kutazama opera. Watu wengi hulisimulia tukio hili kama bahati mbaya. Sisi tunaliona kama kasoro ya mpango: mswada unaotegemea kwamba kila mtu mwema atakuwepo ukumbini usiku fulani haujajengwa vizuri. Wapinzani wao walikuwa na fedha zao ndani ya jambo lile na hawakukosa kuhudhuria. Mwaka 1804 mswada ulipita chini ukakwama kwa Malodi. Mwaka 1805 ukashindwa tena, 77 dhidi ya 70.

James Stephen na kipande dhaifu

Mtu aliyefungua fundo hili hakuwa mhubiri. James Stephen alikuwa wakili aliyefanya kazi katika kisiwa cha Saint Kitts, Karibi, kuanzia 1783, akauona utumwa kwa karibu, akaapa asimiliki mtumwa. Aliporudi Uingereza alijiunga na kundi la Clapham, waumini matajiri waliosali katika parokia ya John Venn: Henry Thornton mwenye benki, Zachary Macaulay aliyewahi kuwa gavana wa Sierra Leone, na Wilberforce mwenyewe; mwaka 1800 Stephen alimuoa dada yake Wilberforce. Kazi yake ya kila siku ilikuwa sheria za meli zinazokamatwa vitani. Alijua nani anamiliki shehena gani, chini ya bendera gani.

Oktoba 1805 alichapisha kitabu akionyesha kwamba makoloni ya Ufaransa na Hispania yalikuwa yakipumua kwa msaada wa meli zenye bendera za nchi zisizopigana, hasa Marekani, na kwamba jeshi la majini la Uingereza lilikuwa linazitazama zikipita. Utumwa haukuwa mada ya kitabu. Lakini Stephen alikuwa ameona kwamba ndani ya udanganyifu ule wa bendera zilikuwemo meli nyingi za watumwa, na kwamba mtaji, mabaharia na bima vilitoka Liverpool na London. Waingereza walikuwa wanawapelekea maadui zao wafanyakazi wa kuzalisha sukari.

Kutokana na hilo alichonga mswada wenye sehemu tatu. Kwanza, raia wa Uingereza asipeleke watumwa katika koloni la nchi nyingine. Pili, asiwapeleke katika makoloni yaliyotekwa vitani, kama Demerara na Berbice ya Waholanzi, ambayo amani ikija yangeweza kurudishwa kwa wenyewe. Tatu, meli ya nchi nyingine isiandaliwe katika bandari ya Uingereza kwa safari ya watumwa, na Mwingereza asiweke fedha ndani yake.

Uzuri wa mswada ulikuwa katika jinsi ulivyowagawa wapinzani. Wafanyabiashara wa Liverpool walipata hasara kubwa, lakini kuupinga kungemaanisha kusimama bungeni, miezi michache baada ya vita vya majini vya Trafalgar dhidi ya Ufaransa, na kudai haki ya kumnufaisha Napoleon, mtawala wa Ufaransa. Wenye mashamba ya Jamaica na Barbados, waliokuwa washirika wao wa miaka yote, safari hii hawakuwa na sababu ya kupigana. Sukari ilikuwa imejaa sokoni na bei imeanguka, na mshindani akikosa watumwa wapya wao walipata nafuu. Muungano ulioshinda mara zote tangu 1791 ukapasuka bila kelele.

Mlango ulifunguka Januari 1806 alipofariki waziri mkuu Pitt. Alikuwa rafiki wa Wilberforce na alisema maneno mazuri juu ya jambo hili, lakini hakuwahi kuliweka chini ya serikali yake. Aliyemfuata, Lord Grenville, pamoja na Charles Fox, waziri wake wa mambo ya nje, waliliweka. Mswada uliletwa na Mwanasheria Mkuu tarehe 31 Machi kama shughuli ya vita. Wilberforce alinyamaza kwa makusudi, naye ndiye mtu ambaye jina lake peke yake lingewaamsha Liverpool. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Malodi walioizika miswada iliyotangulia waliupitisha huu kwa 43 dhidi ya 18.

Kuna wanaoona doa hapa: Wakristo waliohubiri utu walishinda kwa hoja ya bei na bunduki. Hatukubaliani. Hakuna neno la uongo katika mswada ule. Biashara ile ilimsaidia adui kweli, na hakuna aliyelazimika kukana imani yake ili kulisema hilo. Tena mtego ulinasa kwa sababu ya miaka ya kina Clarkson: kufikia 1806 hapakuwa na mbunge mwenye kusikilizwa na wengi ambaye angeweza kusimama na kusema biashara ile ni njema. Haiti pia ilikuwa imejitangaza huru Januari 1804 baada ya kulishinda jeshi la Napoleon, na kuzidi kuingiza Waafrika waliotekwa visiwani kulianza kuonekana kama kurundika baruti.

Kumalizia kilichobaki

Baada ya Mei mambo yalienda kasi. Tarehe 10 Juni Fox alipata azimio, kwa kura 114 dhidi ya 15, kwamba biashara hiyo ni kinyume cha haki, utu na sera njema. Sheria nyingine ikazuia meli mpya kuingia katika kazi hiyo, ili watu wasikimbilie kujaza kabla mlango haujafungwa. Ni hatua ndogo isiyotajwa sana, lakini bila hiyo 1807 ingekuwa mwaka wa mavuno kwa Liverpool. Fox alifariki Septemba. Katika uchaguzi uliofuata, Liverpool yenyewe ilimchagua mpinga biashara, William Roscoe.

Grenville aligeuza utaratibu. Miaka yote miswada ilianza chini ikaja kufa juu. Yeye, akiwa Lodi na waziri mkuu, alianzia juu, penye kaburi. Tarehe 5 Februari 1807 Malodi walikubali kwa 100 dhidi ya 34. Usiku wa 23 Februari baraza la chini likapiga zile kura 283 dhidi ya 16, na Wilberforce akainama akilia. Mfalme aliridhia tarehe 25 Machi, serikali ya Grenville ikiwa inaanguka kwa jambo jingine kabisa.

Nyufa za sheria

Sheria ilikataza meli kupewa kibali cha kuondoka baada ya 1 Mei 1807, na kushusha watumwa makoloni baada ya 1 Machi 1808. Meli ya Kitty's Amelia iling'oa nanga Liverpool mwishoni mwa Julai 1807 kwenda kuchukua watumwa, kihalali, kwa kuwa kibali chake kilikuwa na tarehe ya kabla ya Mei.

Adhabu ilikuwa pauni 100 kwa kila mtumwa na kutaifishwa kwa meli. Mwenye mtaji aliihesabu kama gharama ya kazi. Ilibidi mbunge Henry Brougham apitishe sheria nyingine mwaka 1811 kulifanya kosa hilo kuwa jinai ya kumpeleka mtu uhamishoni hadi miaka 14. Ulinzi wa pwani nzima ya Afrika Magharibi ulianza na manowari mbili.

Ufa mbaya zaidi uliwahusu waliookolewa. Mabaharia wa jeshi walilipwa kwa kichwa: pauni 40 kwa mwanaume, 30 kwa mwanamke, 10 kwa mtoto. Waafrika wenyewe, kwa maneno ya sheria, waliweza kuandikishwa jeshini au kufungwa kazini kama wanagenzi hadi miaka 14. Hakuna aliyeulizwa anataka kurudi wapi. Gavana Thomas Perronet Thompson alipofika Sierra Leone mwaka 1808 alikuta watu waliotolewa katika meli zilizokamatwa wamekabidhiwa kwa walowezi kwa dola 20 kila mmoja. Aliandika London kwa hasira kwamba huo ni utumwa wenye jina jipya. Waliosoma barua zake walikuwa walewale wa Clapham, waliouanzisha mji wa Freetown pale Sierra Leone. Alirudishwa nyumbani. Katika kisa chote hiki hapo ndipo wanapotuumiza zaidi, kwa sababu walikuwa na masikio ya kusikia kilio kutoka mbali, na hawakukisikia kilichotoka kwao.

Mkono huo ulivyofika Kilwa na Unguja

Sheria ya 1807 iliwafunga Waingereza tu, na hapa pwani ilifika kwa kuzunguka. Tangu 1776 Mfaransa Morice alikuwa na mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kwa mwaka kwa ajili ya mashamba ya Mauritius. Waingereza walipoiteka Mauritius Desemba 1810, sheria yao ikaingia nayo, lakini magendo yakaendelea. Gavana Farquhar alitafuta chanzo, na mwaka 1822 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, akatia saini mkataba na Kapteni Moresby.

Ukiusoma mkataba huo utaona mkono uleule wa 1806: kata kipande kinachokatika. Ulizuia kuwauzia Wakristo, ukaacha biashara kati ya Kilwa, Unguja na Oman. Mkataba wa 1845 ulizuia kuwapeleka Arabuni, ukaacha safari za ndani ya himaya. Ule wa Juni 1873, chini ya Sayyid Barghash, ulifunga bahari yote na soko la Mkunazini, ukaacha waliokwisha kufika mashambani, na wafanyabiashara wakahamia njia za nchi kavu. Shirika la CMS, la wamisionari wa Kianglikana, lilianzishwa mwaka 1799 na watu hao hao wa Clapham; mmisionari wake Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na baadaye likafungua Freretown, Kisauni, kwa ajili ya walioachwa huru.

Utumwa uliondolewa kisheria Unguja na Pemba Aprili 1897. Fidia ilitengewa mabwana, kama ilivyokuwa kwa visiwa vya miwa, ambako Bunge la Uingereza lilitenga pauni milioni 20 kwa wenye watumwa. Aliyekuwa akichuma karafuu alilazimika kwenda mwenyewe mahakamani kuomba karatasi ya uhuru wake.